Mpini mbichi ni hasara kwa mkulima

Kila msimu wa kulima unapokaribia, masoko hujaa mipini ya majembe iliyochongwa kwa mti mbichi. Bei ni nafuu, lakini mti ukikauka husinyaa. Jembe huanza kucheza na mwisho huchomoka, pengine likamjeruhi mtu.

Mafundi wetu wanao uwezo. Msumeno, tezo, randa, tupa na msasa vinatosha kutoa mpini mzuri. Kinachokosekana ni subira ya kuchagua mti wenye nyuzi zilizonyooka na kuuanika kivulini miezi kadhaa kabla ya kuuchonga.

Nasi wakulima tuna lawama. Tununue mipini mapema wakati wa kiangazi, tukague nyuzi zake, na tukubali kumlipa zaidi fundi aliyesubiri mti ukauke.