Nani Atachinja Mbuzi wa Noeli?



Wapendwa waamini, juma hili la tatu la Majilio baadhi yenu mmeniomba niyarudie maneno niliyoyasema mwaka jana juu ya kuchinja nyumbani. Wengine mmeniomba nisiyarudie kabisa. Nitajaribu kuwaridhisha wote kwa kiasi, kwa maana nayarudia, ila si kama nilivyoyasema.

Mwaka jana, Dominika ya nne ya Majilio, nilitoka kidogo nje ya masomo ya siku nikazungumza juu ya Isaka na wanawe. Mnakikumbuka kisa hicho cha Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Isaka amezeeka, macho yake hayaoni tena. Anamwita Esau, mzaliwa wake wa kwanza, na kumtuma achukue podo na upinde, aende nyikani kumtafutia mawindo, kisha amwandalie chakula cha namna anayoipenda. Kazi yote imewekwa juu ya mtu mmoja: kuwinda, kuchuna, kukata, kupika na kuleta mbele ya baba. Yakobo kwa upande wake hakuwinda wala hakupika. Alikwenda kundini akachukua wana-mbuzi wawili, na mama yake akatengeneza yaliyobaki. Mzee, ingawa kipofu, alihisi kwamba pana jambo. Aliuliza imekuwaje nyama ikapatikana upesi namna ile. Swali hilo la aya ya 20 lilinikaa moyoni, kwa sababu ni swali ambalo sisi tulioko mezani siku hizi hatuulizi tena.

Nikaongeza mifano mingine. Kitabu cha Methali (12:27) kinamtaja mvivu ambaye hata mawindo yake mwenyewe yamemshinda kupika. Walawi, sura ya kwanza, inaagiza kwamba mtu aletaye ng'ombe wa sadaka ya kuteketezwa aweke mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, kisha amchinje, amchune na kumkata vipande. Makuhani wana kazi yao ya damu, moto na altare. Na katika sura ya 17 ya kitabu hichohicho, mwindaji aliyeua mnyama au ndege wa kuliwa anatakiwa aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo. Huko porini hakuna shahidi wala kuhani. Ni yeye, mnyama na udongo. Mwenye kula alitakiwa ajue uzito wa kile alichokitwaa.

Kutokana na hayo nikawaambia: chinjeni wenyewe. Niliwalenga hasa ndugu zetu wanaopanda huku Kilimanjaro kila Desemba kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Nimeona kwa macho yangu baba wa familia akimkabidhi kijana kamba ya mbuzi na noti mbili, kisha akarudi kuketi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, mpaka aletewe mishikaki. Watoto wake walidhani ini ni chakula cha dukani. Nilisema kwamba mtu wa namna hiyo amefika nyumbani kwa miguu tu. Waamini walicheka, nami nikafurahia kuchekesha, jambo ambalo padri anapaswa kuliogopa.

Noeli ikapita. Mwanzoni mwa Januari, mzee mmoja wa parokia hii alikuja nyumba ya mapadri. Sitamtaja jina, ingawa wengi mnamjua, kwa kuwa amechinja katika nyua za wengi wenu. Ana miaka sitini na kitu na visu vitatu ndani ya gunia. Nilipomkaribisha kiti alikataa.

"Baba Paroko," alisema, "siku ile kanisani ulinichinja mimi."

Alinieleza polepole. Kila tarehe 25 Desemba huanza saa kumi alfajiri kwa taa ya mkononi, na kwa kawaida humaliza nyumba saba au nane kabla ya adhuhuri. Fedha hiyo ndiyo hununua sare na madaftari ya mjukuu wake shule zinapofunguliwa. Mwaka jana, baada ya mahubiri yangu, nyumba tatu tu zilimwita. Katika nyumba nyingine vijana walijaribu wenyewe, na mojawapo walimpigia simu saa tano wakiwa wamepasua nyongo na kuharibu nyama ya upande mzima. Alikwenda akawasaidia. Walimpa kichwa na asante.

Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama walau alipata kusali Noeli. Akatazama chini. "Misa ya Noeli sijaisali tangu mwaka 2011, Baba. Misa ya kwanza niko kwenye mbuzi, Misa ya pili niko kwenye mbuzi, na nikimaliza nguo zina damu. Nitaingiaje kanisani?"

Wapendwa, nimeadhimisha Noeli katika parokia hii mara kadhaa, nikahesabu sadaka na wakomunikanti, wala sikujua kwamba yupo Mkristo anayekosa Misa kila mwaka kwa sababu sisi wengine tunataka nyama iwe tayari tutokapo kanisani. Imebidi niyafikiri upya mahubiri yangu yote.

Nilikuwa nimeona dhambi katika kulipa. Maandiko hayaoni dhambi hapo. Kumbukumbu la Torati (18:3) inaweka ujira wa kuhani kutoka kwa mnyama aliyetolewa sadaka: mkono wa mbele, mashavu yote mawili na tumbo. Huo ulikuwa haki yake, umetajwa kiungo kwa kiungo, wala haukuachwa kwenye ukarimu wa mwenye mnyama. Kosa lilikuwa la wana wa Eli (1 Samweli, sura ya 2), waliotaka nyama mbichi kwa nguvu kabla ya wakati wake. Na kitabu hichohicho cha Kumbukumbu, sura ya 24, kinaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijachwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2434, inasema kuwa mshahara wa haki ni tunda halali la kazi, na kuuzuia ni udhalimu mkubwa. Sasa tujiulize: kichwa, kwato na ngozi ni mshahara? Zamani ngozi ya mbuzi ilikuwa na mnunuzi. Hapa kwetu siku hizi inaoza kwenye ua au inafukiwa. Tukimpa mtu kitu ambacho sisi wenyewe tungekitupa, tumejilipa wenyewe kazi ya kukitupa.

(Nami padri sina usafi wa kunawa mikono hapa. Kila Noeli naletewa paja, mara nyingine mapaja matatu, na sijawahi kuuliza aliyelikata paja lile alikula nini.)

Hata hivyo sifuti yote niliyoyasema. Lipo jambo linalopotea tunapomwachia mtu mwingine kazi nzima, na walio wazee kati yenu mnalijua kuliko mimi. Katika ua wa marehemu babu yangu, kuchinja kulikuwa ni baraza. Majani ya migomba yalitandikwa chini, mmoja akashika miguu, mwingine pembe, wa tatu akakinga damu kwa bakuli kwa ajili ya kisusio. Kuchuna kulianzia miguu ya nyuma, mnyama akiwa ameninginizwa, kwa kisu kidogo na kwa ngumi zaidi ya kisu, ili ngozi isitobolewe. Kisha tumbo likafunguliwa taratibu, vidole viwili vikitangulia mbele ya ncha ya kisu. Watoto tulipewa kazi ya kushika taa na kufukuza mbwa, na hivyo tukajifunza nyongo iko wapi na kwa nini haiguswi.

Ndipo ukaja mgawo, na hapo ndipo palipokuwa na theolojia ambayo sikufundishwa seminarini. Kila kiungo kilikuwa na mtu wake. Kidari hakikwenda kwa mwenye fedha, kilikwenda kwa mwenye heshima ya ukoo. Shangazi alikuwa na fungu lake hata kama aliolewa mbali, na mama aliyejifungua alikumbukwa kwa nyama ya mtori. Mtaalamu wa sheria na mila, Sally Falk Moore, aliyefanya utafiti wake huku Kilimanjaro na kuchapisha kitabu mwaka 1986, aliandika kwa kirefu juu ya wanaume wa ukoo kukutana kuchinja na kugawana kwa kufuata ukubwa wao. Yeye aliona mfumo wa sheria. Mimi nilikuwa mtoto na niliona jambo dogo zaidi: ndugu wawili waliokuwa hawasemezani walilazimika kusimama ubavu kwa ubavu mbele ya majani yaleyale ya mgomba, kila mmoja akisubiri fungu lake, na babu hakuanza kukata mpaka wote wawili wamefika. Buchani unapewa kilo mbili kwenye mfuko. Kilo mbili hazimsubiri mtu.

Juu ya kisusio nimeulizwa mara nyingi na vijana waliosoma Matendo ya Mitume, sura ya 15, ambapo mitume waliagiza waamini wajiepushe na damu. Jibu ni fupi. Mtaguso wa Florensi, mwaka 1442, ulifafanua kwamba agizo hilo lilikuwa la wakati wake, la kuwaunganisha Wayahudi na watu wa mataifa, na sababu yake ilipokoma nalo likakoma. Kunyweni kisusio chenu kwa amani.

Lakini msinywe wala msile kwa upofu. Kuchinja nyumbani kunaondoa jicho la mkaguzi, na hilo si jambo dogo. Wakati wa mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa nchini kwetu, mwishoni mwa 2006 hadi katikati ya 2007, watu zaidi ya 100 walifariki, na mojawapo ya njia za kuambukizwa ni kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Kimeta nacho hakijasahaulika katika mkoa wetu. Kwa nguruwe kuna tegu: nyama yenye lava, isipoiva sawasawa, humpa mlaji minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo yakimwingia mtu kwa uchafu, lava hufika hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ni mara ngapi tumemwita mtu kwa maombi juu ya mwanaye wa kifafa, wala hatukuuliza choo kiko wapi na nguruwe wanazurura wapi? Mwiteni ofisa mifugo wa kata aje amwone mnyama akiwa hai, na aione nyama kabla haijagawanywa. Na kibudu ni kibudu, hata kikipakwa limau na tangawizi.

Neno moja juu ya wale wanaopenda mfano wa Esau kupita kiasi. Msitu ulio juu yetu wote ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mwaka 2005, na atakayetega nyaya humo hawezi kujitetea kwa Kitabu cha Mwanzo. Serikali ilitunga kanuni za biashara ya nyamapori mwaka 2020, na mwenye hamu aweza kuinunua kihalali kwenye bucha lililosajiliwa, akapewa risiti. Anayenunua ile ya usiku, bila maswali, kwa bei rahisi, ajue kwamba kijana aliyeitega ndiye atakayeilipia tofauti ya bei siku atakapokamatwa.

Basi kwa Noeli ya mwaka huu naomba hivi. Mwenye kujua kuchinja, achinje na watoto wake wakiwa karibu, na asigeuze jambo hilo kuwa mchezo wa kupigwa picha. Asiyejua, na wajane, na wagonjwa, na ninyi mliokulia mjini ambao hamna haja ya kuona aibu, mwiteni mzee na mlipeni. Mlipeni fedha, mliyokubaliana kabla hajanoa kisu, na mumpe mkononi kabla hajaondoka. Kichwa kiwe nyongeza. Lakini msikae ndani ya gari. Shikeni miguu ya mbuzi, kingeni damu, ulizeni kila kiungo kinaitwaje kwa lugha ya bibi yenu, na mgawo mfanye wenyewe, kwa maana mgawo haumhusu mchinjaji. Yeye hajui ni shangazi yupi mliyemkosea.

Na mbuzi wachinjwe tarehe 24 mchana, au tarehe 25 baada ya Misa ya pili. Halmashauri ya walei imelikubali hilo, ingawa kwa manung'uniko, maana chakula kitachelewa mpaka saa tisa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wapange zamu ya nyumba, ili mtu mmoja asigombaniwe na nyumba nane kwa wakati mmoja. Jumuiya mbili zimekwisha kuamua kununua ng'ombe kwa pamoja na kumgawana hapohapo, kila kaya na fungu lake, na fungu moja la ziada kwa atakayechinja.

Mzee amenitumia habari kwamba atakuja Misa ya pili, saa tatu. Aliulizia jambo moja tu: visu vyake ataviacha wapi, kwa kuwa kutoka kanisani atakwenda moja kwa moja kazini. Nimemwambia avilete sakristia.

Wenu katika Kristu,
Paroko