Leseni ya Bongo Uingereza: miezi 12, halafu unarudi kuwa lena



Wiki hii nimepata ujumbe toka kwa kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyekwenda Uingereza kwenye kazi ya kutunza wazee. Huku Bongo aliendesha Hiace miaka 8, hajawahi kugonga hata kuku. Kule kasimamishwa na polisi, katoa leseni yake ya Tanzania, haijaisha muda, picha ni yake. Kaambiwa hana leseni. Gari likavutwa mbele ya macho yake.

Kosa lake? Alikuwa na miezi 14 nchini.

Sheria iko hivi. Ukihamia Uingereza (nazungumzia England, Wales na Scotland), leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda unaitumia miezi 12 tu. Inahesabiwa toka ulipoanza kuishi kule, siyo toka siku uliponunua gari. Leseni ya kimataifa haiongezi hata siku moja, ile ni kama tafsiri ya leseni yako. Baada ya hapo wewe ni lena: unabandika herufi L kwenye gari, na pembeni anakaa mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni ya miaka 3. Ukiendesha peke yako faini inaweza kufika pauni 1,000, na bima nayo inaweza kukukana. Balaa juu ya balaa.

Na kazi yenyewe ni ya kuzungukia wazee majumbani, asubuhi nyumba hii, mchana ile. Bila gari zamu zinapungua. Viza yake imefungwa kwa mwajiri, kwa hiyo kazi ikiota mbawa hata kukaa kule ni mashaka. Yaani kadi ndogo ya udereva inashikilia maisha ya familia nzima huku nyumbani.

Sasa wengi wanadhani Waingereza wanaogopa udereva wetu. Tuangalie. Wenye leseni za Japan, Canada, Australia, Uswisi au Korea Kusini wanabadilisha kwa pauni 43, hakuna mtihani, na wanapewa miaka 5 ya kufanya hivyo. Waafrika wamo pia: Afrika Kusini na Zimbabwe. Mei 2021 wakaingizwa na Falme za Kiarabu.

Kwa hiyo siyo suala la upande wa barabara. Sisi tunapita kushoto kama wao, usukani kulia, kipilefti tunazijua. Canada, Korea na Dubai wanapita kulia! Mtanzania aliyefanyia mtihani wake Dubai anabadilisha leseni ya Dubai. Aliyefanyia Dar es Salaam anaanza moja.

Tofauti ni kuaminika kwa karatasi. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1988 inataka waziri aridhike kwamba nchi husika inatoa leseni kwa utaratibu wa kuridhisha, ndipo aiweke kwenye orodha. Na hapo ndo pa kujiuliza jamani. Nani hajasikia stori ya mtu kupata leseni bila kushika usukani? Tunacheka, tunasema jamaa mjanja. Siku serikali zetu zikienda kuomba tuingizwe, swali la kwanza litakuwa tunatahini vipi madereva. Tutajibu nini?

Lakini serikali nazo zisikae kimya. Julai 2021 Kenya ilisaini na Uingereza makubaliano ya wafanyakazi wa afya. Kama watu wetu wanatakiwa kule, suala la leseni nalo liwekwe mezani.

Kwa anayejiandaa kuondoka, usisubiri mwezi wa 11. Ukiwa na ruhusa ya kukaa siku 185 au zaidi, omba lena mapema, pauni 34 kwa intaneti. Ndani ya miezi 12 bado unaendesha kwa leseni ya nyumbani bila kubandika L. Mtihani wa nadharia ni pauni 23: maswali 50, upate 43, halafu video za kutambua hatari, upate 44 kwa 75. Wa barabarani ni pauni 62 siku za kazi. Jumla pauni 119, hujalipa mwalimu bado. Foleni ndo shughuli: mwaka 2025 wastani wa kusubiri mtihani wa barabarani ulipita wiki 20. Ukianza mwezi wa 8 umeshachelewa. Na ukifanyia kwenye gari la oto, leseni yako itakuwa ya oto tu, manyuo husogelei.

Kaka yetu sasa anapanda basi saa 11 alfajiri, anasubiri tarehe ya mtihani. Dereva wa miaka 8, lena.

Haya wadau, mlioko majuu mmepitia haya? Na ninyi wa huku, leseni zenu mlizipataje? Semeni ukweli hapo chini.