Wasuka Mikataba na Wenye Mikoko

Kumkutanisha mwenye mtaji na mwenye mali si kazi ya aibu. Dalali wa nazi huifanya kila siku, naye hulipwa haki yake mbele ya muuzaji na mnunuzi. Lakini wako madalali wakubwa wasioonekana sokoni: mawakili, washauri na watu wenye jamaa maofisini, ambao husuka mikataba ya maelfu ya hekta kabla mwenyeji hajasikia neno. Hao ndio tunaotaka kusema nao leo.

Watu wa delta ya Rufiji wanawajua. Mwaka 1997 kampuni ya African Fishing ilitaka kiasi cha hekta 10,000 katika delta ili ichimbe mabwawa ya kufuga kamba. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka ule ule Serikali iliukubali. Hesabu zote zilipigwa Dar es Salaam, isipokuwa ya mvuvi na ya mkulima wa mpunga, ambao riziki yao ilikuwa pale pale pa kuchimbwa mabwawa. Wanavijiji walikataa, wakaenda Mahakama Kuu, na mradi haukujengwa. Ni wepesi mno kuwaita watu kama hao wapinga maendeleo.

Leo mikoko ile ile ina bei mpya. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na wasuka mikataba wameona kwamba mti uliosimama waweza kuuzwa, kama zamani boriti zilivyopakiwa majahazini kwenda Arabuni. Hatuipingi biashara hiyo. Twauliza tu, nani atatia sahihi kwa niaba ya Mrufiji? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Wadachi, na dalali mjanja atasema kwamba msitu si ardhi ya kijiji, basi hana haja ya kupanda mashua.

Sisi twasema apande. Mkataba wowote wa mikoko usomwe kwa Kiswahili mkutanoni, Nyamisati, Mbwera na Salale, kabla ya kutiwa sahihi: muda wake, mgawo wa fedha, makatazo yatakayomfika mkata boriti, na ujira wa dalali mwenyewe. Asiyetaka ujira wake utajwe mbele ya watu wa delta, Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti imrudishe alikotoka.