Miti Hugawanywa, Mtoto Hagawanywi

Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, ndoa zinavunjwa kila siku kwa mdomo. Tuyapime maneno yenyewe.

"Nimemwandikia talaka mbele ya wazee, yamekwisha." Hayajaisha. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, amri ya kuvunja ndoa hutolewa na mahakama, hata ya mwanzo. Kwa kawaida mnaanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hilo. Ukiiruka hatua hiyo, shauri linaweza kufutwa hata likiwa limefika Mahakama ya Rufani.

"Misindano nilipanda mimi, yeye alipika tu." Aliyepika ndiye aliyekupa nguvu ya kushika jembe. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mumewe alishampa fedha, naye Bi Hawa akazitapanya. Lakini kanuni ilibaki. Hata shamba ulilokuwa nalo kabla ya ndoa huingia kwenye hesabu kama mliliendeleza pamoja.

"Nilitoa mahari, watoto ni wa ukoo wangu." Mila husikilizwa, ila haiamui peke yake. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasisitiza hilohilo.

"Akifikisha miaka saba namfuata." Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba siku ya kutimiza saba anakabidhiwa kwa baba. Inataka pia hakimu apime madhara ya kumhamishahamisha mtoto, na amsikilize akiwa na umri wa kujieleza.

"Akikaa kwa mama yake, amtunze mwenyewe." Wajibu wa baba wa kumtunza mwanawe haukomi mtoto anapolala nyumba nyingine.

Kwa hiyo unayejiandaa kwenda mahakamani Njombe, hati ya shamba ibebe, itakufaa kwenye mali. Kwa mtoto, jiandae kwa maswali ya afisa ustawi wa jamii: anaamshwa na nani, shule iko mbali kiasi gani, na baridi ya Juni ilipoingia, sweta lake lilitoka kwa nani?