Zombi Hajawahi Kunitisha, Jirani Ndiye Ananitisha

Wasee, niseme ukweli kabla hamjanivamia kwa komenti: zombi ni kiumbe mjinga. Maiti, moyo haupigi, damu haizunguki, sasa nguvu ya kukimbiza watu inatoka wapi? Mpe wiki moja kwa jua la Januari, nzi na funza watammaliza kabla jeshi halijafika. Mimi ndiye yule huuliza maswali haya katikati ya muvi hadi nafukuzwa sebuleni.

Na bado naziangalia. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo usinidai nadharia, lakini hii nina uhakika nayo: hadithi ya zombi hushika pale tu ambapo zombi si hoja.

Anza Haiti, kwa watumwa waliolimishwa miwa na Wafaransa. Zombi wao hakula ubongo wa mtu. Alikuwa maiti aliyeinuliwa amfanyie mwingine kazi. Yaani hofu ilikuwa kwamba hata kifo hakikutoi shambani. Hapo huhitaji ndoo ya damu ndio uogope.

Kisha ucheki Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Maiti wake wanajikokota tu. Shida iko ndani ya nyumba, kwa wazima wanaobishana wajifiche wapi. Ben, mtu mweusi, anamaliza usiku mzima akiwa hai, halafu asubuhi anapigwa risasi na wazungu waliokuja kuua maiti. Wamemwona kwa mbali, wakaamua. Kama nimekuharibia mwisho, pole, lakini umekuwa na zaidi ya miaka 50.

Train to Busan ya Korea Kusini, 2016, ni vilevile. Manusura wanapenya mabehewa yaliyojaa zombi, wanafika kwa wenzao, na wenzao wamefunga mlango. Msee wa suti anachochea, abiria wengine wanafuata.

Utaniuliza, si hata mafuriko yangeonyesha ubinafsi huo? Hapana. Mafuriko hayana sura ya shangazi yako. Zombi anakupa ruhusa ya kusema "huyu si mtu tena", na ukishazoea kuisema, utaitumia hata kwa aliye hai.

Najua kwa sababu nilikuwepo. 2020, shule zimefungwa, mama mmoja kwa ploti yetu akaanza kukohoa. Hakuna aliyempima. Kikao kilifanyika kwa ngazi bila yeye, ikaamuliwa asiguse mfereji hadi sisi wote tumalize kuchota. Siku zingine maji yalikuwa yanaisha kabla ya zamu yake. Ana mtoto mdogo. Huyo mama alikuwa akinipa chapati. Mimi nilikuwa kwa hiyo ngazi na mtungi wangu, na sikusema kitu. Kumbe ni pumu. Mwezi uliofuata alihama, na hakuaga mtu.

Kwa hivyo ukiniambia zombi hawapo, nakubali. Maiti si lazima awe wa kweli, lakini mlango lazima uwe wa kweli.

Na nyinyi waandishi wa hapa mnaotaka kutuletea zombi Nairobi, tafadhali, msitupe maabara ya siri na helikopta za Marekani. Nipeni keateka mwenye ufunguo wa geti saa nane usiku. Nani anafunguliwa? Mwenye deni la kodi? Yule kijana ambaye mtaa mzima humwita mwizi?

Wengine watasema mimi nachukulia burudani kwa uzito sana. Sawa, cheka, kula popcorn. Lakini woga unaoisha taa zikiwashwa ni kelele tu. Mimi taa ziliwashwa zamani, na bado nikisikia mtu akikohoa kwa ngazi nakumbuka ule mtungi wangu, ulikuwa umejaa.

Haya, nitukaneni.