Mnyama Mgonjwa Zizini

Huku Ufipa maksai ni mkono wa pili wa mkulima: hulima, huvuta mkokoteni, na samadi yake hurutubisha shamba. Je, auguapo twamtendeaje? Wako wamwachao porini afe peke yake. Wako pia wampelekao mnadani upesi, kabla mnunuzi hajatambua. Hao twawaambia wazi: huo ni wizi, tena ni kutia maradhi katika zizi la jirani.

Babu zetu waliijua sotoka, iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na njaa ikafuata. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani pote. Haikwisha kwa bahati, bali kwa chanjo, na kwa wafugaji waliotoa habari pasipo kuficha.

Hata leo ndigana kali, iletwayo na kupe, yaua ng'ombe. Kuogesha huwakinga, na dawa hufaa ikiwahi. Kimeta huua hata mtu: ng'ombe aliyekufa ghafula, damu ikamtoka puani, asichunwe wala asiliwe, ijapokuwa watoto wanatamani nyama.

Basi yatupasa kumtenga mgonjwa, kumpa maji na kivuli, na kumwita bwana mifugo. Asipoponyeka, auawe upesi pasipo mateso. Mamlaka tuliyopewa juu ya wanyama ni amana. Naye aliyetulimia miaka mingi hastahili kufa kwa kiu.