NESI SI ASKARI WA JELA

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi wako waliosema manesi hawana huruma, eti wanamshika mgonjwa mpaka alipe. Nawajibu hao.

Mwaka 2010 akina mama wawili waliojifungua Pumwani, Nairobi, walizuiwa wodini kwa ajili ya deni. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuwazuia vile ni kuvunja Katiba. Vyema. Lakini malalamiko hayajaisha, na amri ya namna hii haitoki kwa nesi. Inatoka ofisini, na mwenye ofisi usiku amelala kwake, amekwisha nawa mikono kama Pilato. Anayebaki mlangoni ni dada wa zamu, na mama anamlilia. Akimwachia, kazi yake imo hatarini. Akimzuia, anamkosea binadamu na sheria pia. Amwulize nani? Matroni amepewa amri ile ile. Baraza la Wauguzi laweza kumnyang'anya leseni akikosa, lakini saa nane ya usiku Baraza haliko wodini.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Gadi akitoa bendera nyekundu treni husimama, hata kama bwana mkubwa yumo ndani na ana haraka. Nesi hana bendera.

Kamati za maadili zipo, kweli, kama ile ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, ila kazi yake ni kukagua utafiti. Mtungi wa oksijeni ukiwa mmoja na wagonjwa wawili, nesi achague peke yake, na kesho alaumiwe peke yake. Mwaka 2017 walipogoma, toka 5 Juni mpaka 2 Novemba, watu wakawaita wauaji. Nani alikuwa amewauliza habari za usiku zao kabla ya hapo?

Na sisi hatukatwi bure: tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa afya. Tuna haki ya kusema.

Basi tawi liiandikie serikali ya kaunti, yenye hospitali hizi za Nakuru, Naivasha na Gilgil. Iweko kamati ya maadili ya wodini, yenye manesi ndani yake, na simu inayojibiwa usiku. Na kila amri ya kumzuia mgonjwa iandikwe, itiwe sahihi na yule aliyeitoa. Tutaona ni wakubwa wangapi watashika kalamu.

Pendekezo hili nalileta mkutano ujao. Anayepinga asimame aseme.